Msiri wa Bunkeya: mfalme wa shaba aliyebaki katika michoro ya waliomuua

LIKASI – Kila tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, katika tambarare ya mto Lufira, upande wa jimbo la Lualaba. Ngoma hupigwa, wazee huvaa mavazi ya heshima, na jina moja hutajwa kuliko mengine yote: Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi, mfalme wa Garanganze, aliyepigwa risasi siku kama hiyo mwaka wa 1891.

Msiri aliandikwa sana na kuchorwa sana. Lakini karibu kila aliyemchora alikuwa mgeni, au mtu aliyekaa Ulaya na kuchora yale aliyosimuliwa na wageni. Watoto wa Likasi wanaotafuta sura yake leo hupata mzee mwenye macho makali, mafuvu ya watu juu ya miti, na ofisa wa kizungu aliyesimama wima mbele yake. Nyuma ya mchoro huo kuna maisha ya mtu aliyetoka mbali, akajenga dola katikati ya nchi ya shaba, akaitawala kwa akili na kwa ukatili, na mwishowe akauawa nyumbani kwake kwa sababu alikataa bendera.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1830 huko Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, katika ukoo wa Basumbwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara. Wanyamwezi walikuwa wasafiri wakubwa wa biashara katika sehemu hii ya Afrika: walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Kalasa alikwenda mbali zaidi ya wengi. Alifika hadi nchi ya mtawala aliyeitwa Katanga, ambako mawe ya kijani huyeyushwa na kutoa shaba, na akafanya naye urafiki wa kibiashara. Jina la mtawala huyo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yote, kuanzia Likasi hadi mipaka ya Zambia.

Kijana Ngelengwa alifuata njia ya baba yake. Aliona jinsi shaba ilivyopatikana, nani anaitawala, nani ana nguvu na nani hana. Mnamo mwaka wa 1856 hivi alirudi, safari hii na wenzake wenye bunduki, na hakuondoka tena.

Ili kuelewa alichokiona, inafaa kujua kazi ya shaba ilivyofanywa katika vilima vya Kambove na Likasi kabla ya mzungu yeyote kufika. Ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukishavunwa na mvua ikishakoma, kijiji kizima kilihamia machimboni. Wanaume walichimba mawe ya kijani, yaani malakiti. Wanawake na watoto waliyaokota na kuyaosha. Makaa yalichomwa kutoka miti ya porini. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao haupasuki kwa moto, na mivukuto ilitengenezwa kwa ngozi za wanyama. Mafundi walikuwa na chama chao, na siri za kuyeyusha hazikutolewa kwa kila mtu. Ilibidi kuingizwa kwa ibada na malipo. Kwa lugha ya wenyeji shaba ni mukuba, na mafundi hao waliitwa walaji wa mukuba, kwa kuwa iliwalisha kweli. Shaba iliyotoka ilimiminwa katika kalibu za msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali sana, ikatumika kulipa mahari na kununua bidhaa. Wenye nchi walikuwa Basanga, Balamba na jirani zao.

Ngelengwa hakuja kama mshindi wa vita. Alikuja kama mgeni mwenye faida. Baluba walikuwa wakiwavamia Basanga wa mtawala Mpande, na bunduki chache za Wanyamwezi zilitosha kuwarudisha nyuma. Mgeni aliyeokoa kijiji hupewa ardhi, na mgeni aliyepewa ardhi hupata watu. Simulizi za Bayeke zinaongeza kwamba kundi lake lilijua kuchanja watu dhidi ya ndui, jambo ambalo lilimpa heshima ambayo bunduki peke yake isingempa. Wazee walipokufa, yeye ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuamua nani arithi. Baada ya miaka michache, aliyekuwa mgeni wa Mpande na wa Katanga akawa mkubwa wao.

Watu wake waliitwa Bayeke. Nchi aliyoitawala iliitwa Garanganze, na eneo lake lilienea kutoka Lufira hadi karibu na Luapula upande wa mashariki, na kuelekea Lualaba upande wa magharibi. Dola ya Balunda ya Kazembe, iliyokuwa na nguvu kubwa kabla yake, ilijaribu kumzuia ikashindwa. Mnamo mwaka wa 1880 hivi aliweka makao yake Bunkeya, na mji huo ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya Afrika ya kati wakati huo: si mji wa mawe, bali mfululizo mrefu wa vijiji vilivyotawanyika tambarareni, kila kimoja kikiwa chini ya mke, mtoto au mkubwa fulani wa mfalme.

Wake wa Msiri walikuwa mamia. Wazungu waliandika jambo hili kama kituko, na wachoraji walifurahia kulichora. Hawakuona mara moja kwamba ndiyo ilikuwa namna yake ya kutawala. Mwanamke aliyeolewa kutoka ukoo fulani aliunganisha ukoo huo na Bunkeya. Wengi wao walisimamia vijiji, walipokea kodi na kupeleka habari kwa mfalme. Mmojawapo, Maria de Fonseca, alikuwa wa asili ya Kireno na Kiafrika kutoka Angola, na kwake njia ya magharibi ya biashara ilipata mlango ndani ya nyumba ya mfalme. Kwa maneno ya leo, Msiri alikuwa na mabalozi, ila walilala chini ya paa lake.

Njia zenyewe zilikuwa mbili, na hapo ndipo akili yake ilipoonekana zaidi. Upande wa mashariki, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuja kutoka Zanzibar na Bagamoyo. Upande wa magharibi, watu wa Bihe walikuja kutoka Benguela, pwani ya Atlantiki. Watawala wengi wa bara walitegemea njia moja tu, na mwenye njia akiwafungia walikauka. Msiri alikuwa na bandari mbili za bahari mbili bila kuondoka Bunkeya. Shaba, pembe za ndovu na chumvi zilitoka. Bunduki, baruti na nguo ziliingia. Mafundi wa Bayeke walivuta shaba kuwa nyaya nyembamba za bangili, na risasi za risasi zilipokosekana, shaba ilitumika.

Watumwa pia walitoka. Hili halifichiki, na katika vijiji vya Basanga na vya Balamba halijasahauliwa. Misafara iliyokwenda Benguela na ile iliyokwenda pwani ya mashariki ilichukua watu waliotekwa katika vita vya Bayeke, na familia zilizovunjika hivyo hazikuunganishwa tena. Adhabu za Bunkeya zilikuwa kali. Vichwa vya waliouawa viliwekwa juu ya miti kuzunguka makao ya mfalme, na wageni wengi walioviona walivieleza. Mchoraji wa Ulaya hakuvibuni vichwa hivyo. Alichofanya ni kuvichora kama kwamba ndivyo pekee vilivyokuwapo Bunkeya.

Mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuishi pale kwa muda mrefu alikuwa mmisionari Mskoti, Frederick Stanley Arnot, aliyefika Februari 1886 kwa njia ya Benguela. Kabla yake walikuwa wamepita Mjerumani Paul Reichard na Mreno Roberto Ivens, lakini hao walikuwa wapita njia. Arnot alikaa miaka miwili, akajenga nyumba, akafundisha. Msiri alimpokea vizuri, kwa maana aliona faida ya kuwa na mzungu mmoja asiye na jeshi: mtu wa kusoma barua, mtu wa kuulizwa mambo ya Ulaya. Kitabu cha Arnot kilichotoka mwaka wa 1889 kilibeba jina la Garanganze hadi Uingereza. Tangu hapo wasomaji wa London walijua kwamba kuna mfalme katikati ya Afrika, mwenye shaba nyingi, ambaye hana mkataba na mtu yeyote.

Habari hiyo ndiyo iliyomponza. Mkutano wa Berlin wa mwaka wa 1884 na 1885 ulikuwa umewapa wakubwa wa Ulaya kanuni zao za kugawana Afrika, na kwenye ramani Katanga ilipakwa rangi ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Lakini ramani haikutosha. Anayedai nchi alitakiwa kuonyesha kwamba yupo kweli, kwa bendera, kwa mkataba au kwa kituo. Leopold hakuwa na mtu hata mmoja Bunkeya. Kusini yake, Cecil Rhodes na kampuni yake ya Uingereza walikuwa wakipanda juu kwa haraka, nao walisikia habari ya shaba, na ya dhahabu ambayo haikuwa nyingi kama walivyotumaini.

Rhodes alituma watu wawili. Joseph Thomson alizuiwa njiani na ugonjwa wa ndui uliokuwa katika nchi alizopaswa kuvuka. Alfred Sharpe alifika Novemba 1890, na karatasi ya mkataba mkononi. Msiri alipoelezwa na wamisionari maana ya maneno yale, alikataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu. Mfalme alielewa vizuri kwamba kumkubali mlinzi ni kumpa mlinzi nyumba.

Mwaka uliofuata ukaja upande wa Leopold. Paul Le Marinel alifika Aprili 1891 kutoka Lusambo, akakaa wiki kadhaa, akaacha kituo kidogo kwenye mto Lofoi, mbali kidogo na Bunkeya. Msiri aliwaruhusu kukaa, hakuwapa nchi. Oktoba akaja Alexandre Delcommune na msafara mwingine, akaomba bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu ipandishwe, akajibiwa vilevile. Wakati huohuo mzee alianza kuona kwamba huenda Waingereza ni wabaya kidogo kuliko hawa, na barua ikatumwa kwa Sharpe kumwita arudi. Barua hiyo haikumfikia kwa wakati. Ilinaswa njiani na msafara wa tatu wa Leopold, uliokuwa ukija kutoka mashariki.

Lakini adui aliyemdhoofisha Msiri kabla ya wote hao alitoka ndani. Basanga walikuwa wameasi. Mauaji ya mwanamke mmoja wa Kisanga yaliwasha moto uliokuwa ukifukuta kwa miaka mingi, na mwaka wa 1891 waasi walikata njia za kuingia Bunkeya. Baruti ilipungua. Mashamba yaliachwa au yaliteketezwa, na njaa ikaingia mji ambao zamani ulilisha misafara. Watu walianza kuhama usiku. Msiri, aliyekuwa na umri wa miaka sitini hivi, alikuwa bado na jina la kutisha, lakini watu wa kumfuata walikuwa wakipungua kila juma. Wanaomlilia kama shujaa aliyesalitiwa, na wale wanaomkumbuka kama mvamizi aliyepata alichostahili, wote wanazungumza juu ya mwaka huohuo mmoja.

Msafara wa tatu uliongozwa na Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa amesafiri na Stanley katika msitu wa Ituri. Alikuwa na miaka 28. Pamoja naye walikuwa Mbelgiji Omer Bodson, Mfaransa Marquis Christian de Bonchamps, daktari Joseph Moloney na seremala Thomas Robinson. Wengine wote, mamia ya wapagazi na askari, walikuwa Waafrika waliochukuliwa Zanzibar na pwani. Waliondoka pwani katikati ya mwaka wa 1891, wakavuka Unyamwezi, nchi ya kuzaliwa ya mfalme waliyekuwa wakimfuata, wakavuka ziwa Tanganyika, wakaingia Bunkeya tarehe 14 Desemba, mvua zikiwa zimeanza.

Hapa ndipo michoro inapoingia. Safari hii ilisimuliwa Ulaya mara mbili kwa haraka. Moloney alitoa kitabu chake London mwaka wa 1893. Mwaka huohuo maelezo ya Bonchamps yalitolewa Paris na mwandishi René de Pont-Jest katika Le Tour du Monde, jarida la safari lililopendwa sana kwa picha zake za kuchonga. Kamera zilikuwapo wakati ule, lakini picha ya kamera haikuweza kuchapwa kwa urahisi pamoja na maandishi. Kwa hiyo mchoraji alipewa maandishi ya msafiri, michoro yake ya haraka, wakati mwingine picha alizopiga, na juu ya hayo akatunga tukio. Mchoro ulihamishiwa juu ya ubao wa mti mgumu, na mafundi wakauchonga mstari kwa mstari kwa vyuma vidogo. Ubao mkubwa uligawanywa vipande ili mafundi kadhaa wafanye kazi kwa wakati mmoja, kisha vikaunganishwa tena. Mwingi wa mikono iliyochora Afrika hivyo haikuwahi kukanyaga Afrika.

Ndiyo maana michoro ya makutano ya namna hii hufanana, iwe ni ya Kongo, ya Uganda au ya Dahomey. Kamanda husimama, kofia yake nyeupe ikipokea mwanga. Mtawala huketi au hujikunja, amezungukwa na kivuli. Bendera ipo mahali pa juu. Askari weusi wa msafara, ambao ndio waliobeba kila kitu na kupiga risasi nyingi, huwekwa nyuma, nyuso zao hazitofautiani. Njaa haichorwi. Barua iliyonaswa haichorwi. Na mazungumzo ya siku tano hayana namna ya kuchorwa, ingawa ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu. Stairs alitaka bendera ipandishwe. Msiri alitaka kwanza wawe ndugu wa damu, na alitaka baruti, kwa kuwa Basanga walikuwa mlangoni. Alifanya alichofanya kwa wageni wote: alisogeza siku, alisifu, alilalamika, alisubiri. Mbinu hiyo ilikuwa imemsaidia kwa miaka 35. Ila wageni wa zamani walikuja kununua, na mgeni mwenye kununua anaweza kungojeshwa. Stairs alikuja na amri, chakula chake kilikuwa kinaisha, na alijua kwamba Waingereza wanaweza kurudi.

Tarehe 19 Desemba Stairs alichoka kungoja. Alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku huo Msiri aliondoka makao yake makuu akaenda Munema, kijiji chenye boma nje kidogo ya Bunkeya. Asubuhi ya tarehe 20 Stairs aliwatuma Bodson na Bonchamps pamoja na askari zaidi ya mia moja wamlete mfalme, kwa hiari au kwa nguvu.

Bodson aliingia Munema na watu wachache, Bonchamps akabaki nje ya boma. Alimkuta Msiri ameketi mbele ya nyumba, watu wake wenye bunduki wakiwa wamemzunguka. Kwa maelezo ya Wazungu, Msiri alishika upanga, ule uleule ambao Stairs alikuwa amempa zawadi, na Bodson akafyatua bastola. Mfalme akaanguka. Mara moja mmoja wa watu wa Msiri, Masuka, alimpiga Bodson risasi ya tumbo. Bonchamps na askari wakaingia wakifyatua, na Munema ikawa uwanja wa vita kwa muda mfupi. Bodson alikufa siku hiyohiyo. Ushahidi mwingi wa kuandikwa juu ya dakika zile unatoka upande mmoja, na huyo aliyefyatua risasi ya kwanza hakuishi kuandika.

Kilichofuata ndicho ambacho Bayeke hawajakisahau. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Bonchamps hakukificha: kiliinuliwa juu ya mti ili watu wakione na waogope. Moloney, daktari, aliliruka jambo hilo katika kitabu chake. Kwa hiyo maofisa waliochukizwa na vichwa vya Bunkeya waliongeza kimoja zaidi, na safari hii hakuna mchoraji aliyekifanya kuwa alama ya nchi iliyowatuma. Mwili ulikabidhiwa kwa ndugu ukazikwa. Kuhusu kichwa, simulizi za Bayeke zinasema kilichukuliwa na msafara, ndani ya kopo la mafuta, na kwamba kila aliyekibeba alikufa. Mahali kilipo hadi leo pamebaki swali kwa ukoo wa mfalme.

Ukweli ni kwamba msafara huo ulikufa vibaya. Baada ya mauaji, watu wa Bunkeya walitawanyika porini, na pamoja nao chakula. Askari na wapagazi waliobaki katika ngome mpya walikula majani na nzige. Kuhara na homa viliwamaliza. Stairs mwenyewe aliugua, akabebwa. Msafara mwingine wa Wabelgiji, ulioongozwa na Lucien Bia, ulifika mwisho wa Januari 1892 ukawakuta hoi. Stairs alikufa kwa malaria huko Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, Juni 1892, bahari ikiwa mbele ya macho. Karibu nusu ya waliotoka Zanzibar hawakurudi. Hao hawana siku ya kukumbukwa, wala kaburi linalojulikana, ingawa lugha waliyoongea njia nzima ndiyo inayoongewa leo katika soko la Likasi.

Kabla ya kuondoka, Stairs alimkubali Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, awe mkubwa wa Bayeke, lakini juu ya nchi iliyopunguzwa sana. Wakubwa wengine walitia alama zao kwenye karatasi za Leopold. Mukanda Bantu alichagua kushirikiana. Watu wake walisaidia Dola Huru kupigana na Basanga, maadui wa baba yake, na kwa njia hiyo ukoo uliookoka ukabaki na kiti. Alitawala hadi mwaka wa 1910. Ni rahisi kumhukumu. Ni vigumu zaidi kusema angefanya nini, baba yake akiwa amezikwa bila kichwa na mji ukiwa mtupu.

Pamoja na Bia alikuwapo kijana mmoja asiyepigana na mtu, Jules Cornet, mtaalamu wa mawe. Mwaka wa 1892 alizunguka Kambove na vilima vya jirani, akitazama mashimo ya walaji wa mukuba, akachora na kuandika. Karatasi zake zilikuwa na uzito kuliko bendera ya Stairs. Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Leopold ulithibitisha mpaka, na Katanga ikabaki Kongo. Mwaka wa 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli ilifika Élisabethville mwaka wa 1910, kisha ikasogea Kambove, na migodi ya Likasi na viwanda vya Panda vikafuata. Mwaka wa 1931 mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni. Machimbo mengi ya kampuni yalifunguliwa palepale ambapo mafundi wa zamani walikuwa wamechimba. Mashimo yao ndiyo yaliyowaonyesha wahandisi mahali pa kuanzia.

Damu ya Msiri ilirudi katika siasa ya nchi wakati wa uhuru. Godefroid Munongo, wa ukoo wake, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka wa 1960 chini ya Moïse Tshombe, dola iliyoweka misalaba mitatu ya shaba katika bendera yake. Septemba 1961 Jadotville ilijulikana duniani kwa mapigano kati ya wanajeshi wa Katanga na kikosi cha Waairishi wa Umoja wa Mataifa. Munongo baadaye alikalia kiti cha Bayeke hadi alipofariki mwaka wa 1992. Jina lake nalo linagawa watu, kama la babu yake.

Katika familia za Likasi ambamo baba ni Myeke na mama ni Msanga, na ziko nyingi, hadithi ya Msiri husimuliwa kwa namna mbili chini ya paa moja. Upande mmoja ni mfalme aliyekataa kuuza nchi. Upande mwingine ni mgeni aliyepokewa kwa ukarimu akageuka bwana wa wenyeji wake. Mchoro wa Paris haumsaidii yeyote kati yao, kwa kuwa aliyeuchora hakuwafikiria Basanga hata kidogo, wala hakufikiri kwamba siku moja vitukuu wa mzee yule wangeukuza kwenye simu ili kutazama uso wake.

Munema imebaki kijiji. Mji mkubwa wa Bunkeya umekuwa mdogo, na njia zilizounganisha bahari mbili zimehamia kwenye reli na barabara za malori ya madini. Lakini tarehe 20 Desemba ikikaribia, Bayeke wa Likasi, wa Kolwezi na wa Lubumbashi hutafuta gari, hata mvua ikinyesha, kama ilivyonyesha msimu ule.